Bosi anasema ya nyumbani hayaihusu mizani yetu. Nimjibu vipi?

SWALI: Nasimamia ununuzi kwenye kampuni ya kahawa hapa Kasese, magharibi mwa Uganda. Tunanunua kwa wakulima wadogo wapatao 3,000, na kampuni dada ina shamba la chai upande wa Kabarole. Mnunuzi wetu wa Ulaya ametuletea dodoso refu kuhusu ukatili wa kijinsia. Bosi anataka tulijaze tu tulirudishe. Anasema mambo ya mtu na mkewe hayaihusu mizani yetu. Nimjibu nini? Na tukiamua kufanya jambo la kweli, tuanzie wapi? (Dada wa Kasese)

JIBU: Dada, anzia hapohapo alipopataja bosi wako, kwenye mizani. Yeye anauona ukatili kama jambo la chumbani. Lakini katika kilimo cha kuuza, ukatili hupenda kukaa mahali ambapo mtu mmoja amepewa uwezo juu ya riziki ya mwingine: anayesoma mizani, anayegawa kazi alfajiri, anayeamua kama kahawa imekauka au bado, na yule ambaye namba yake ya simu ndiyo iliyoandikwa kwenye daftari la malipo. Uwezo huo ni kampuni iliyougawa, na kampuni inaweza kuugawa upya.

Chukua kahawa kwanza. Mara nyingi aliyeandikishwa ni mume, na pesa huingia kwenye simu yake. Mke ndiye anayepalilia, anayechuma, anayeanika na kukimbia kuanua mvua ikitishia. Msimu ukikaribia hutokea mambo ambayo maofisa wenu wa shambani wanayajua vizuri. Mume huuza kahawa ingali maua: anachukua pesa kwa dalali miezi kabla ya mavuno, kwa bei ya kutupa, halafu mke anachuma kahawa ambayo si yao tena. Mke naye, akijua hataiona pesa hiyo, huchuma kwa siri mbivu na mbichi pamoja, kilo mbili tatu kwenye kavera (mfuko wa plastiki), akampelekee mchuuzi wa kijijini apate chumvi, sabuni na madaftari ya watoto. Akigunduliwa, anapigwa. Mume akishuku anaibiwa, anavuna yote kwa mkupuo kabla haijaiva. Nyumba moja ina wezi wawili, na wote wanaiba mali yao wenyewe.

Kahawa hiyo haipotei. Inakuja kwenu. Punje changa zikikauka husinyaa, zinakuwa nyepesi, nyingine nyeusi, na kahawa ya kificho haianikwi juani kwenye turubai kwa wiki mbili. Huanikwa chini, au huuzwa na unyevu wake. Bosi akitaka hesabu, mpe hii. Kiboko kizuri cha Robusta, yaani kahawa iliyokaushwa na maganda yake, kikikobolewa hutoa zaidi kidogo ya nusu ya uzito wake. Tuseme lori la tani 10 limeshuka kutoka asilimia 54 hadi 52 kwa sababu ya punje changa. Hizo ni kilo 200 za kahawa safi, zaidi ya magunia matatu ya kilo 60, kwa lori moja, na mkulima mmeshamlipa. Kwa Arabika inayokaushwa na maganda yake, ile mnayoiita drugar, hasara huonekana zaidi kwenye kikombe: ladha ya ukungu na ya kuchachuka, ambayo hakuna mashine ya kuchambua itakayoiondoa. Ongeza mikono. Mwanamke aliyevunjwa mkono wiki ya kwanza ya mavuno hachumi, na kahawa iliyoiva haisubiri bandeji, inaanguka.

Kuhusu ukubwa wa jambo lenyewe: utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2016 ulikuta kwamba asilimia 56 ya wanawake wa Uganda wa miaka 15 hadi 49 waliowahi kuwa katika ndoa walikuwa wamefanyiwa ukatili wa mwili, wa kingono au wa kihisia na mwenza. Mwenye wakulima 3,000 akisema kwake hakuna, anachosema ni kwamba hajauliza.

Sasa mfanye nini. Kabla ya kuajiri mtaalamu au kuchapisha fulana, rekebisheni daftari. Kila familia iandikishwe kwa majina mawili, la mume na la mke, kwa shamba moja. Familia zenye wake wengi ndizo zinazowavuruga wengi hapa: msimwandikishe mume na “wake zake”, andikeni kila kipande cha shamba pamoja na mke anayekilima. Mjane na binti anayelima shamba la baba waandikwe kwa majina yao wenyewe. Kila mzigo utolewe risiti yenye uzito, unyevu, bei na jumla, na karani aisome kwa sauti kwa aliyeleta, maana wapo wasiosoma na wapo wanaosomewa uongo wakifika nyumbani. Bei ya siku iandikwe ubaoni. Kipima unyevu kigeuzwe kioo chake kielekee kwa mkulima. Karani anayekisoma peke yake anaweza kumwambia mwanamke kahawa yake ni mbichi, kisha akamwonyesha njia nyingine ya “kuikausha”. Hiyo ni rushwa ya ngono kituoni, na inaishi kwenye kioo ambacho mkulima haoni. Mkulima yeyote awe na haki ya kupimiwa mara ya pili na mtu mwingine.

Malipo yanahitaji uangalifu zaidi kuliko mizani. Kishawishi cha kwanza cha kampuni zenye nia njema ni kutuma pesa moja kwa moja kwenye simu ya mke. Msifanye hivyo bila mazungumzo ya nyumba nzima. Mume akipata habari kwa mwenzake kijiweni kwamba kampuni “imemlipa mkewe”, mmempa mke pesa na kipigo kwa ujumbe mmoja. Njia yenye usalama zaidi ni kuwaita wote wawili kabla ya msimu, waamue wenyewe mgawanyo (wengine watasema nusu kwa nusu, wengine malipo ya kwanza kwa mume na nyongeza ya ubora kwa mke), wasaini au waweke dole gumba, na kila mmoja abaki na nakala. Wawe huru kubadilisha. Ujumbe wa malipo usitaje zaidi ya uzito na kiasi, maana simu nyingi vijijini ni za nyumba nzima. Na lipeni asubuhi, siku isiyo ya soko, kwa mafungu. Malipo makubwa ya fedha taslimu Jumamosi jioni kwenye kituo kilichozungukwa na mabaa ni mpango wa ukatili uliopangwa na idara ya fedha bila kujua.

Hapo kwenu Kasese hamhitaji kwenda mbali kutafuta mbinu ya mazungumzo hayo. Chama cha ushirika cha Bukonzo Joint kimeifanyia kazi kwa miaka mingi mbinu ya michoro ambayo sasa inatumika katika nchi nyingine pia, inayojulikana kwa kifupi cha GALS (Gender Action Learning System, yaani mfumo wa kujifunza kwa vitendo kuhusu jinsia). Chombo chake kimoja ni mti. Wanandoa wanachora shina, ambalo ni nyumba yao. Mizizi ya upande mmoja ni kazi za mke na ya upande wa pili ni kazi za mume. Katikati ni zile wanazofanya pamoja. Matawi ni matumizi: upande huu anachotumia mke, upande ule anachotumia mume, katikati cha familia. Halafu wanatazama kama mti unaweza kusimama. Mume ambaye angebishana nawe saa nzima kuhusu “haki za wanawake” hutazama mchoro wake mwenyewe, mizizi mingi upande mmoja na matawi mazito upande mwingine, akakosa la kusema. Gharama ni karatasi na kalamu za rangi, na asiyejua kuandika haachwi nyuma. Kinachoharibu ni haraka. Semina ya siku moja ya watu 200 chini ya hema ni sherehe tu. Vikundi viwe vya watu 20 hadi 30, wakutane mara kadhaa kati ya palizi na mavuno, na anayeongoza awe mkulima jirani aliyekwisha kuchora mti wake, si ofisa wa kampuni.

Mtu atamwambia bosi wako kwamba mila hazibadiliki katika maisha ya mkataba mmoja. Mpango wa SASA!, uliobuniwa Kampala na shirika la Raising Voices, ulifanyiwa utafiti Rubaga na Makindye kati ya 2007 na 2012. Katika maeneo yaliyoupata, kiwango cha wanawake waliopigwa na wenza katika mwaka uliotangulia kilikuwa chini kwa asilimia 52 kuliko kwenye maeneo ambayo bado hayakuupata. Mjini si kijijini, nakubali. Lakini ilichukua miaka michache tu, na walioifanya kazi hiyo walikuwa watu wa mtaa wenyewe.

Chai ni habari nyingine, kwa sababu pale mwenye nguvu ni mwajiriwa wenu, na mzigo wa lawama hauna pa kutupwa. Mchumaji hulipwa kwa kilo. Mnyapara ndiye anayempangia sehemu: ile yenye chipukizi nyingi, ambapo kilo zinajaa haraka, au ile iliyopogolewa juzi, ambapo atazunguka siku nzima kwa gunia nusu. Kisha mnyapara huyohuyo anasimama kwenye mizani na kukata kilo za “maji” na za gunia. Akikata mbili kwa mmoja na tano kwa mwingine, nani atamuuliza? Kazi hizo mbili, kugawa sehemu na kupima, zisiwe za mtu mmoja kamwe. Sehemu zigawiwe kwa zamu iliyobandikwa ukutani. Magunia matupu yapimwe hadharani asubuhi, makato yawe ya kiwango kimoja kinachojulikana, na mizani itoe tiketi. Vibarua wasiajiriwe na mnyapara getini. Waandikishwe mchana, mahali pa wazi, na watu wasiopungua wawili, mmoja wao mwanamke. Wanyapara wahamishwe sehemu kila baada ya miezi michache.

Mengine ni ya seremala na fundi umeme. Vyoo viwe karibu na wanapochumia, vifungwe kwa ndani, na njia yake isipite kwenye banda la walinzi. Vyumba vya kambi viwe na milango yenye komeo la ndani na ufunguo usiwe na nakala kwa mnyapara. Lori la alfajiri liwe na kituo chenye taa. Wenye mashamba ya maua kule Wakiso na Mukono wanalijua tatizo hili kila mwaka kuelekea Siku ya Wapendanao: zamu zinarefushwa, wanawake wanatoka usiku, na usafiri unaishia getini.

Mwaka 2023 uchunguzi wa BBC katika mashamba ya chai ya Kericho, Kenya, ulionyesha wasimamizi wakidai ngono kwa wanawake waliotafuta kazi. Kampuni zile hazikukosa sera kwenye karatasi, na wanunuzi wa nje walianza kusimamisha ununuzi. Mwambie bosi hilo pia, ingawa binafsi naliona ni hoja dhaifu kuliko ya zile kilo 200, kwa sababu hofu ya magazeti humfanya mtu afiche badala ya kurekebisha.

Sheria haimwachii nafasi ya kuchagua. Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza unyanyasaji wa kingono kazini na kumtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 achukue hatua za kuuzuia; kanuni za 2012 zikaongeza sera ya maandishi, mtu maalumu wa kupokea malalamiko na kamati. Sheria ya Ukatili wa Majumbani ni ya 2010. Mwaka 2023 Uganda iliridhia Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao unahesabu kuwa ni mahali pa kazi hata njia ya kwendea kazini na nyumba zinazotolewa na mwajiri, na unatambua kwamba kipigo cha nyumbani huingia kazini pamoja na aliyepigwa.

Njia ya malalamiko ndipo kampuni nyingi huharibu. Wanafunga sanduku la maoni nje ya ofisi ya meneja. Mwanamke asiyeandika hawezi kulitumia, na anayeandika anaonekana na wote akilikaribia. Badala yake chagueni watu watatu, wanawake wawili na mwanamume mmoja, waliochaguliwa na wachumaji kwa kura ya siri na wasio kwenye mstari wa wanyapara, na muwape simu yenye salio. Bandikeni pia namba 116, laini ya msaada iitwayo Sauti, ya bure, ili asiyewaamini ninyi awe na pengine pa kwenda. Lalamiko lipewe namba badala ya jina. Lijibiwe ndani ya siku moja, uchunguzi uishe ndani ya siku 14. Anayetuhumiwa ndiye akae pembeni kwa malipo wakati wa uchunguzi. Kumhamisha mlalamikaji “kwa usalama wake” kwenye sehemu isiyo na chipukizi ni adhabu, na wenzake wataisoma hivyo, na hamtasikia lalamiko la pili.

Akibakwa, saa zinahesabika. Dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na hunywewa siku 28. Za kuzuia mimba ya dharura hufanya kazi hadi saa 120 lakini nguvu yake hupungua kila siku. Mpelekeni kituo cha afya kwanza, akikubali, kwa gari la kampuni. Msisubiri fomu ya polisi ndipo atibiwe. Asioge kabla ya kupimwa kama anaweza, na nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si kavera, kwa sababu unyevu uliofungiwa huharibu ushahidi. Fomu ya uchunguzi ni ya polisi namba 3A. Ombeni dawati la familia na watoto. Msaada wa sheria, jaribuni FIDA Uganda, chama cha wanasheria wanawake. Na msimpeleke kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, kupatanishwa. Mahakama za serikali za mitaa zina nafasi yake katika ugomvi wa majumbani, lakini ubakaji haumalizwi kwa mbuzi, na meneja anayekaa kwenye kikao cha namna hiyo anakuwa sehemu ya kosa.

Tahadhari kuhusu kuuliza. Dodoso la mnunuzi lisiwafanye mtume vijana wenye vishikwambi wakaulize wanawake mlangoni, “Je, mume hukupiga?” Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inataka mwanamke mmoja tu kwa kila nyumba aulizwe, faraghani, na mwulizaji aliyefundishwa, msaada ukiwa tayari. Ninyi hamna hayo bado. Ulizeni mnachoweza kukirekebisha: nani alipokea pesa ya mzigo wa mwisho, nani aliamua matumizi yake, ulikatwa kilo ngapi, nani alikupangia sehemu. Wakaguzi wa cheti nao huja kwa taarifa, siku moja, wakahoji kwa Kiingereza ndani ya ofisi; mwombeni mnunuzi alipie mahojiano nje ya shamba, kwa Lukonzo na Rutooro, yakifanywa na wanawake.

Mtayarishe bosi kwa jambo moja: mkifanya haya vizuri, malalamiko mwaka wa kwanza yatapanda. Mnunuzi lazima akubali hilo kwa maandishi kabla hamjaanza, pamoja na ahadi kwamba hatavunja mkataba kesi ya kwanza ikitokea bali atawapa muda, siku 90 kwa mfano, wa kuonyesha mlichorekebisha. Akikata ununuzi papo hapo, watakaokosa kazi kwanza ni vibarua wanawake, na wenzao wa mashamba jirani watajifunza kunyamaza. Mwulizeni pia kuhusu tarehe zake za kupakia na bei yake. Kampuni inayobanwa pande zote mbili hurudi kwa mnyapara anayeleta kilo bila maswali.

Anzeni na vituo vitatu vya kahawa na mizani moja ya chai, msimu mmoja. Na kwenye lile swali la dodoso, “Mwaka jana mlipokea malalamiko mangapi?”, andikeni sifuri, kisha chini yake muandike kwamba hapakuwa na mtu wa kuyapokea, na tarehe ambayo atakuwepo.